Kugeuza: kwa nini mtu wa Mbagala hulipa nauli mbili kwenda sehemu moja

Saa kumi na mbili na robo jioni. Wifi yangu ameshafunga hesabu za duka la vitambaa analouza Kariakoo. Simu ameitumbukiza chini kabisa ya pochi, pochi ameikumbatia kifuani, na nauli ameikunja kwenye kiganja ili asifungue kitu chochote mbele za watu. Anatembea haraka, lakini haendi kituoni. Kituo cha magari ya Mbagala amekipa mgongo, na watu waliojaa pale hawahesabiki. Yeye anashuka hadi upande wa Kamata, anavuka, anasimama upande wa barabara ambao si wake, kisha anapungia mkono daladala inayotoka Mbagala kuingia mjini. Kwake ni Chamazi, ukipita Mbagala.

Konda anamtazama akipanda.

"Anti, sisi mwisho Kariakoo."

"Najua. Nageuza."

"Basi nipe kabisa na ya kugeuza, tusije tukasumbuana huko mbele."

"Kwani lini nilikukimbia, mdogo wangu?"

Analipa mara mbili: nauli ya kurudi alikotoka kwa miguu dakika kumi zilizopita, na nauli ya kwenda nyumbani. Gari linaingia Kariakoo, wanashuka watu wachache, na kabla halijasimama sawasawa mlango umeshavamiwa. Mmoja anarusha begi dirishani liwahi kiti. Mwingine anajirusha mwenyewe, miguu ikibaki nje inaning'inia. Wifi yuko kiti cha tatu nyuma ya dereva, ameegemea kioo, anawatazama wakipigania nafasi ambayo yeye ameshainunua.

Hiki ndicho kisa. Kwa msomaji wa Mombasa au Bukavu niseme kwamba kugeuza, kwa lugha ya Dar es Salaam, ni kupanda gari linalokwenda kinyume na uendako, ukakaa nalo hadi mwisho wa ruti, likageuka na wewe ukiwa ndani. Mkazi wa Dar hahitaji kuelezwa, na kwa sababu hiyo hakuna anayeuliza inakuwaje mtu mwenye akili timamu na mshahara mdogo alipe nauli ya kurudi nyuma kila siku ya kazi. Mimi nilianza kuuliza mwanzoni mwa mwaka 2025, nilipopanda na wifi wiki nzima, asubuhi na jioni. Wakati huo katikati ya barabara ya Kilwa, ndiyo iendayo Mbagala, kulikuwa na njia ya zege ya mwendokasi, yaani ya mabasi yenye njia yao peke yao, imelala, nzuri, imekamilika, haina mabasi.

Asubuhi ya aliyegeuziwa

Tuanze asubuhi, maana ndiko kisa kinakofunua upande wake wa pili.

Wifi anaamka saa kumi alfajiri. Saa kumi na moja na nusu tuko Rangi Tatu, na kiza hakijatoka. Rangi Tatu, kule Mbagala, ni mwanzo wa ruti. Kwa akili ya kawaida, mwanzo wa ruti ndiko gari linakokuwa tupu: anayewahi anakaa, anayechelewa anasimama, haki bin haki. Ndivyo nilivyodhani. Gari la kwanza lilipoingia, vichwa vilikuwa vimejaa madirishani. Watu wameketi, wengine wanasinzia, mama mmoja amemlaza mtoto mapajani, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili ya kushuka.

"Hao wametoka wapi?" nikauliza.

"Zakhem. Mtongani. Wengine wametoka mpaka Kwa Azizi Ali huko," akasema wifi, akitaja vituo vilivyo mbele yetu, upande wa mjini, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayewataja wezi. "Hawana adabu kabisa. Gari letu wanakuja nalo kama la harusi."

Viti vilivyobaki wazi havikufika kumi. Vikagombaniwa na watu ambao sikuweza kuwahesabu. Tukapanda gari la tatu, na tukasimama. Nikiwa nimeshikilia bomba kwa vidole viwili, uso wangu ukiwa kwapani mwa mtu nisiyemjua, nikamkumbusha wifi kwamba jana yake jioni yeye mwenyewe aliingia Kariakoo ameketi kama bibi harusi. Akacheka.

"Jioni ni jioni," akasema.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mwenye kosa na mdhulumiwa ndani ya saa kumi na tatu. Asubuhi anageuziwa, jioni anageuza. Wa Zakhem nao, jioni wakiwa mjini, pengine ndio wanaosimama kituoni Kariakoo wakimlaani wifi yangu.

Kuna kugeuza kwa aina mbili, na zinachanganywa mno katika mazungumzo. Ya kwanza ni kugeuza ili upande. Mtu wa Mtongani asubuhi hana njia nyingine, kwa sababu gari linalotoka Rangi Tatu linampita limeshona, konda ananing'inia mlangoni na hata mkono wa kumpungia hana. Asipokwenda kinyume hatafika kazini. Ya pili ni kugeuza ili ukae. Wifi angeweza kupanda pale Kariakoo kwa kusukumana. Ana kifua na viwiko kama wengine. Ila ni mwanamke, amesimama dukani tangu saa mbili asubuhi, na foleni ya Kilwa jioni inaweza kumweka wima saa moja na nusu katikati ya wanaume. Aliniambia sentensi moja tu kuhusu hilo, kwamba kiti hakina mikono. Sikumuuliza zaidi. Na katika ule msukumano wa mlangoni ndimo simu zinamochomolewa, amepoteza mbili.

Kwa hiyo anaponunua kiti kwa nauli ya pili ananunua vitu vitatu kwa pamoja: mapumziko, heshima ya mwili wake, na usalama wa simu. Ukiliona hivyo, nauli ile si upuuzi. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, vya Desemba 2023, nauli ya chini ya daladala, isiyozidi kilomita kumi, ni shilingi 600. Akigeuza jioni tu, siku ishirini na nne za kazi, ni shilingi 14,400 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 172,800. Nilipomfanyia hesabu hiyo kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema ningekuwa mtu wa maana nisingemwonyesha.

Upande wa konda

Ni rahisi kumlaumu konda. Nimewahi kufanya hivyo kwa sauti kubwa na nikashushwa Bendera Tatu. Lakini kisa hiki hakieleweki bila kuelewa hesabu.

Mwenye gari, tajiri, anamkabidhi dereva gari asubuhi na anataka kiasi fulani kisichobadilika jioni. Hicho ndicho kinaitwa hesabu. Mafuta ni ya dereva. Faini ni ya dereva. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo riziki ya dereva na konda, na siku ambayo hakibaki kitu wanalala hivyo hivyo. Wengi hawana mkataba. Wapo hata madeiwaka, wanaoshika usukani kwa siku moja moja dereva mwenyewe anapopumzika. Mtu wa namna hiyo hauzi safari, anauza vichwa. Dakika moja ya gari kusimama na nafasi wazi ni pesa inayomtoka mfukoni.

Sasa fikiria gari linalorudi Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri. Dunia nzima inakwenda mjini, yeye anakwenda kinyume, anachoma mafuta yale yale. Anayegeuza ni kichwa kilichotoka mbinguni. Kwa konda, wifi ni mteja bora kuliko wote: analipa mara mbili na anachukua kiti kimoja. Mwanafunzi, kwa mlinganisho, analipa shilingi 200 na anachukua kiti hicho hicho. Ndiyo maana asubuhi wanafunzi wanaachwa vituoni na sare zao, na ndiyo maana agizo la kumtaka konda awapende wanafunzi halijawahi kufanya kazi mbele ya hesabu ya tajiri.

Kwa hiyo hakuna ndani ya daladala mwenye sababu ya kukomesha kugeuza. Aliyeketi anapata kiti, konda anapata nauli mbili, tajiri anapata hesabu yake. Anayeumia yuko nje ya gari, kituoni, na hana sauti.

Na kuna mtego. Kugeuza hakuongezi hata kiti kimoja barabarani. Kunabadilisha tu nani anakaa. Wa Zakhem akigeuza, wa Rangi Tatu anakosa. Wa Rangi Tatu hawezi kugeuza zaidi ya hapo, ruti imeishia kwake; anachoweza ni kuwahi. Wakiwahi wengi, gari la saa kumi na moja linajaa, basi anaamka saa kumi. Mwenye nauli ya pili analipa kwa pesa, asiye nayo analipa kwa usingizi. Wazee wa Chamazi waliokuwa wakienda kliniki mjini asubuhi, wifi anasema, siku hizi wanasubiri mpaka saa nne. Hao wamelipa kwa siku nzima.

Kuna jambo jingine ambalo naona wapangaji wa usafiri hawalitilii maanani. Ukisimama Kamata jioni na daftari ukahesabu vichwa, utaandika kwamba kuna watu wengi wanaosafiri kutoka Kamata kwenda Kariakoo saa kumi na mbili na nusu. Hakuna anayesafiri hivyo. Ni safari hewa. Wote ni watu wa Mbagala. Hesabu za namna hiyo zikiingia kwenye jedwali, mtu anaweza kupanga magari ya kuwapeleka watu mahali ambapo hawataki kwenda.

Jumatano ya wiki ile kilitokea kituko ambacho kinasema mengi. Tumegeuza vizuri, tumeketi, foleni imetuachia kidogo baada ya Kwa Azizi Ali, tukafika Mtongani. Konda akapiga bodi mara mbili.

"Mwisho hapa! Mwisho Mtongani, wa Rangi Tatu shukeni, gari bovu."

Gari halikuwa bovu. Watu wakafoka. Mzee mmoja wa mbele akamwambia konda kwamba ana umri wa baba yake na asimfanye mtoto. Wifi akamshika konda mkono wa shati.

"Mimi nimekulipa mara mbili tangu Kamata."

"Anti, nisamehe. Na mimi nageuza."

Watu waliokuwa wamekasirika wakacheka, ndivyo Dar ilivyo. Lakini alikuwa amesema kweli tupu. Jioni abiria wako mjini. Kutoka Mtongani hadi Rangi Tatu atabeba waliobaki, kisha atarudi mtupu umbali wote. Akikatisha ruti Mtongani anawahi Kariakoo mapema na kupakia gari zima kwa mara nyingine. Sheria inakataza, trafiki akimkuta anatozwa. Yeye amepima na akaona inalipa. Sote tuliokuwa ndani ya gari lile, dereva, konda na abiria, tulikuwa tunageuza. Tofauti ni nani aligeuza wa mwisho.

Si jambo la jana

Nisichelewe sana kwenye historia, ila inafaa kujua kwamba uhaba huu una umri kunizidi. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa shirika la UDA kuhudumia jiji. Wazee wanayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus, kumbakumba, na wanayakumbuka pia yalivyopungua moja baada ya jingine kwa kukosa vipuri. Magari ya watu binafsi yakawa yanabeba abiria kwa kujificha, yakiwamo yale ya kukaa mnatazamana yaliyoitwa chai maharage. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi rasmi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Ndivyo wengi wanavyosimulia jina la daladala lilivyopatikana. Vikaja vipanya, zikaja DCM, zikaja Coaster na Eicher. Gari lilibadilika kila muongo. Hesabu ya tajiri haikubadilika.

Kisha Mei 2016 ikaja mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, karibu kilomita 21. Ninayeandika haya niliipanda wiki ya kwanza na nilitaka kulia. Kutoka Kimara hadi mjini bila foleni! Daladala za barabara ya Morogoro zikahamishiwa ruti nyingine. Jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, la kwanza Afrika kuipata. Tuzo ilistahili, njia yenye basi lake peke yake ni jambo kubwa.

Lakini kwa kisa chetu swali ni moja: watu wa Kimara waliacha kugeuza?

Hawakuacha. Mpango wa awamu ya kwanza ulihitaji mabasi 305. Huduma ilianza na 140, ikiitwa ya mpito. Aprili 2018 mto Msimbazi ulifurika Jangwani, ilikojengwa karakana, na baadhi ya mabasi yakaharibika kwa maji. Abiria wakaongezeka, mabasi hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Mtu wa Bucha au Baruti asubuhi akawa anaona mabasi yanampita yamejaa tangu Kimara Mwisho. Akafanya nini? Akapanda la kwenda Kimara.

Na hapa kuna tofauti ambayo mimi naiona ndiyo kiini cha kisa kizima. Kwenye daladala kugeuza kuna bei. Konda anadai nauli ya pili, na bei hiyo inawazuia wengi. Kwenye mwendokasi unalipa getini mara moja. Ukishaingia ndani ya kituo hakuna anayekudai tena, na upande wa kwenda uko hatua chache tu kutoka upande wa kurudi. Kugeuza kukawa bure. Wahudumu wa vituo vya mwisho wakaanza kusimama mlangoni na kupiga kelele, "Shukeni wote!", watu wanashuka, wanazunguka, wanapanda tena, na foleni ya waliokuwa wakisubiri kwa adabu inavurugika. Teknolojia mpya iliondoa kizuizi pekee kilichokuwapo, bila kukusudia, kwa sababu aliyechora kituo alidhani kila abiria anakwenda anakokwenda.

Zege limepata mabasi

Barabara ya Kilwa ni awamu ya pili, kilomita 20 na ushei, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa muda mrefu ilikuwa kichekesho cha Mbagala: sisi tumebanana kwenye Eicher, pembeni yetu njia pana ya zege ambayo waliokuwa wakiipita, tena kwa siri, ni bodaboda. Mwaka 2025 mabasi yanayotumia gesi asilia yaliwasili, na Oktoba huduma ikaanza. Mwisho wa mwezi huo huo zikatokea vurugu za uchaguzi, vituo kadhaa vya mwendokasi jijini vikachomwa na kuharibiwa, na usafiri ukasimama kwa muda. Mwanzo mgumu. Awamu nyingine ziko njiani au ziko chini ya ujenzi: ya tatu kwa barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, ya nne kuelekea Tegeta kwa barabara ya Bagamoyo. Jangwani nako kunajengwa daraja refu ili mto usiendelee kukata jiji vipande viwili kila masika.

Nani atasema kama mambo haya yamefanikiwa? Zitatolewa takwimu za kilomita na idadi ya abiria. Mimi ningependa mtu asimame Zakhem saa kumi na moja alfajiri na kuangalia upande wa barabara unaotoka mjini. Akikuta hakuna anayesubiri huko, usafiri umekuwa mzuri. Kipimo hicho hakina gharama.

Nikirudi kwenye zile aina mbili za kugeuza, naona kila moja ina dawa yake, na dawa moja haitibu nyingine. Kugeuza ili upande kunakufa mabasi yakija mfululizo. Mtu akijua kwamba likimpita hili jingine liko nyuma yake dakika tatu, hana sababu ya kurudi kinyume. Hilo ni suala la idadi ya mabasi na ratiba inayoaminika. Hakuna rangi ya kituo wala kadi ya plastiki inayoweza kulifidia. Inawezekana pia baadhi ya mabasi yaanzie safari katikati, Mtongani kwa mfano, yakiwa matupu, yawape watu wa pale kile wanachokifuata Rangi Tatu. Konda yule wa Jumatano aligundua jambo hilo kwa tamaa yake. Mwenye ratiba anaweza kuligundua kwa mpango.

Kugeuza ili ukae ni kugumu zaidi, kwa sababu basi la mwendokasi limetengenezwa watu wasimame. Viti ni vichache kuliko nafasi za kusimama, na ndivyo inavyotakiwa, vinginevyo lisingebeba watu wote hao. Kinachobadilika ni urefu wa kusimama. Saa moja na nusu wima ni mateso. Nusu saa ni usafiri. Kwa hiyo njia ya zege ikibaki ya basi peke yake, bila bodaboda, bila magari ya wakubwa, watu wengi watasamehe kiti. Ikianza kuingiliwa na basi likakwama, watakitafuta kiti upya kwa njia yoyote, na safari hii ni bure. Suala la mikono, ambalo wifi alilisema kwa sentensi moja, kasi peke yake hailimalizi. Basi lililobanana ni lile lile hata likikimbia.

Daladala nazo haziendi popote. Zitasogea pembeni, zikusanye watu wa ndani na kuwaleta barabara kuu: Chamazi, Mbande, Charambe, Kijichi. Humo ndimo ninamoona kisa chetu kikihamia, kwa sababu huko hesabu ya tajiri iko vile vile, na barabara ni nyembamba, na hakuna zege.

Wifi alipanda basi jipya siku ya tatu au ya nne baada ya huduma kuanza. Alinipigia usiku. Alisimama njia nzima, akasema, na hakujali, kwa sababu hata hakuwahi kuchoka. Alikuwa anasimulia Mtongani ilivyompita kama mtu aliyeona ndege. Nikamuuliza, basi ulifika nyumbani saa ngapi? Akataja saa ambayo haikuwa tofauti sana na ya zamani.

"Rangi Tatu pale, wifi. Basi moja linatema watu wote kwa mkupuo, na Coaster za Chamazi ni zile zile. Kituoni hapasogeleki."

"Sasa ukafanyaje?"

"Nilitembea mpaka kituo cha pili huko ndani, nikavuka barabara."

Nauli ya kipande hicho nayo ni mia sita. Siku hizi anaweka shilingi elfu moja na mia mbili kwenye kiganja kabla hajashuka kwenye mwendokasi.